Mkeka Katikati ya Mtumbwi wa Lutengano

Lutengano wa Ikombe anasifiwa sana. Mtaje pale Mwaya kwenye mchanga, watu watatabasamu. Watakwambia hakuzamisha mtu. Ni kweli, hakuzamisha. Mimi naeleza maisha yake kwa sababu nayajua kuliko hao wanaomsifu. Mtu unayemwonea wivu unamwangalia sana.

Alizaliwa Ikombe, mbele ya Matema, pale milima inapoingia ziwani ghafla. Wakisi wa huko hawana mahali pa kulaza ng'ombe. Wanawake wanafinyanga vyungu. Wanaume wanavileta kwa mitumbwi huku kwetu bondeni, wanarudi na ndizi, mpunga na ulezi. Baba yake alikufa majini yeye akiwa mdogo. Mama akafinyanga, mtoto akapeleka. Alipopata nguvu alipanda mlimani na wenzake, wakakata mti, wakauchonga huko huko na kuuburuta kwa kamba hadi ziwani. Mtumbwi mrefu, tumbo pana. Ulikuwa mzuri, hilo silikatai.

Kuvua hakujua. Hilo hawalisemi. Nyavu zake zilirudi na majani. Alichojua ni kubeba watu.

Enzi za Wajerumani meli ya serikali ilitia nanga Mwaya. Wakaja askari, makarani, walimu wa misheni, wachuuzi kutoka kusini. Wote walikuwa na mahali pa kufika, na ufukwe wetu una mito, matete na mamba. Ndipo Lutengano akaanza kukodisha mtumbwi, pamoja na mikono yake. Mtumbwi peke yake hakumpa mtu.

Aliyekodi mara ya kwanza alisimamishwa kwanza kwenye mchanga akaambiwa maneno, awe karani, awe mtoto wa malafyale, yaani chifu. Nimeyasikia mara nyingi, naweza kuyasema kama yeye.

"Kula kwanza. Ndizi ya kuchoma inatosha. Mwenye tumbo tupu ndiye anayetapika. Shika kingo zote mbili, kanyaga katikati, keti. Chini, si ukingoni. Ukingo si kigoda. Ukitaka kuona kitu, geuza shingo, mwili uache ulipo. Kitu kisisimame juu ya ukingo, hata mwavuli wa bwana mkubwa, upepo unatafuta cha kushika. Kikianguka majini, kimekwenda. Usikifuate kwa mkono. Ukikifuata, utatuchukua wote. Na jua likifika kichwani tuwe nchi kavu. Asiyependa kuamka mapema, njia ya miguu ile pale."

Watu walicheka. Alikuwa na sauti nzuri, shingo ndefu, na alisema maneno hayo kana kwamba ameyatunga kwa ajili yako tu. Wanawake walicheka zaidi.

Sasa nimfikie mke wangu.

Neli ni jina la ubatizo. Alitoka Ikombe, nyumba ya tatu toka kwa kina Lutengano. Walikua pamoja, wakaoga pamoja ziwani wakiwa watoto. Lutengano alimtaka. Kila mtu alijua. Lakini ng'ombe wa mahari angetoa wapi? Baba yangu alikuwa na ng'ombe. Neli akaletwa kwangu Ndandalo, mbali na maji, akalima mpunga wetu, akasuka mikeka mizuri kuliko wanawake waliozaliwa hapa. Hakulalamika. Ila kila mvua ikikaribia alisimama nje na kuelekeza uso upande wa ziwa. Nilimwona.

Mwaka mmoja kabla ya vita ya Wazungu, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa, akaniambia, "Nataka kwenda kwetu."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Kutembea tu. Kupumzika. Twende wote. Tukodi mtumbwi."

"Mtumbwi wa nani?"

"Uko mwingine wa kukodi?"

Hatukuwa na mtoto bado. Kwetu mke asiye na mtoto akisema anakwenda kwao kutembea, wazee wanatazamana. Wengi walikwenda wakabaki huko. Ng'ombe wanadaiwa, maneno yanakwisha. Nilijua hilo usiku na mchana. Nilijiuliza jambo moja tu: nikimpeleka, nitarudi naye? Nikasema twende. Ningekataa, angejua ninaogopa.

Ndandalo walinicheka. "Andongwisye anakodi mtumbwi hana mzigo! Anabeba nini?"

"Anabeba mke," mmoja akasema. "Anamrudisha dukani."

Tulifika Mwaya kabla jua halijachomoza. Lutengano alikuwa anapiga mtumbwi maji kuondoa vumbi. Alipomwona Neli akaweka kibuyu chini.

"Ugonile, Neli."

"Ugonile."

Kisha akanigeukia. "Shemeji! Karibu. Mara ya kwanza majini?"

"Shemeji kwa lipi?" nikamwuliza.

"Mke wako dada yetu. Nikuite nani? Bwana mkubwa?"

Neli akacheka. Lutengano akanisimamisha kwenye mchanga akaanza: kula kwanza, shika kingo. Mimi nikatazama pembeni. Neli alikuwa anayasema pamoja naye kimoyomoyo, midomo inacheza. Aliyajua yote.

Tulikuwa tumeshaweka kikapu cha mpunga na mkeka ndani ya mtumbwi. Mkeka ule Neli aliusuka kwa ajili ya mama yake, mpana, una mistari myeusi. Mimi mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Nikasikia kikohozi nyuma ya matete. Nakijua kikohozi kile.

Neli akakijua pia. Akachupa, akajificha nyuma ya mtumbwi, kanga kichwani.

Ni baba yangu, na fimbo yake.

Msomaji asiye wa kwetu aelewe hapa. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawatazamani, hawakutani njiani, hawataji majina. Mke akimwona mkwe kwa mbali anaingia migombani mpaka apite. Wakionana uso kwa uso ni aibu ya kulipia ng'ombe, na wazee walisema inaleta ugonjwa. Mwalimu wa misheni alitwambia woga huo umekwisha. Baba hakubatizwa. Kwake haukuwa umekwisha.

"Nasikia mnakwenda Matema," baba akasema, macho juu mbinguni asione upande wa Neli. "Nina ng'ombe wangu kwa rafiki yangu huko. Nataka kumwona kama amezaa. Miguu inaniuma."

"Tata," nikasema, "mtumbwi ni mmoja."

"Nauona. Ni mrefu."

"Na mwenzangu yumo."

"Sijamwona. Sitamwona. Fanyeni mpango."

Baba mtu utamwambiaje arudi, na ng'ombe waliomleta mwenzako ni wake? Nikamtazama Lutengano. Nilitaka aseme haiwezekani. Kazi yake ilikuwa kukataa watu. Aliwahi kumkataa karani mlevi.

Hakukataa. Alikuna shingo yake ile. "Mzee akae mbele kabisa, atazame mbele. Neli nyuma kwangu. Katikati tutundike kitu."

"Kitu gani?"

"Mkeka si huo?"

Ndivyo ilivyokuwa. Wa kupanga akawa Lutengano. Baba akaketi mbele. Mkeka ukasimamishwa katikati, upana wa mtumbwi wote. Nani aushike?

"Andongwisye ataushika," baba akasema. "Na akae huku kwangu. Akikaa huko nani atanipa maji ya kunywa?"

Nikakaa upande wa baba, mgongo kwenye mkeka, mikono imenyoshwa nyuma kama aliyefungwa na askari. Nyuma ya mkeka mke wangu. Nyuma ya mke wangu Lutengano, amesimama na kafi, kwa sababu akiketi haoni mbele. Mimi nilimwona baba. Baba aliliona ziwa. Neli aliuona mkeka aliousuka mwenyewe. Lutengano peke yake alituona sote.

"Kitu kisisimame juu ya ukingo," nikamkumbusha. Maneno yake mwenyewe.

"Leo kitasimama, shemeji. Tukiwahi, upepo hautatukuta."

Hatukuwahi. Baba alitaka kula kwanza, maana alisikia kwamba anayepanda lazima ale. Akala ndizi polepole. Akamkumbuka mtu wa kumsalimia Mwaya. Jua lilikuwa limeshapanda tulipoondoka.

Maji yalikuwa yametulia. Ufukwe ukapita, mchanga, matete, mdomo wa mto, mchanga tena. Kwa mbali wadudu wadogo wa ziwani waliinuka kwa wingi kama moshi wa nyumba inayoungua. Ningeifurahia safari ile, nadhani. Lakini nyuma ya mkeka walianza kuzungumza.

Kwa Kikisi. Kikisi nakisikia nusu. Neno moja nalishika, linalofuata linanitoroka. Nilisikia "mama". Nilisikia "udongo". Halafu maneno mengi ya haraka, kisha Neli akacheka. Kwangu Ndandalo alicheka kwa kufunga mdomo. Nyuma ya mkeka alicheka kwa kuufungua.

"Nani anacheka?" baba akauliza.

"Ndege," nikasema.

"Ndege gani anacheka hivyo?"

"Wa ziwani, tata."

Baba akatikisa kichwa. "Mfunge mdomo ndege wako."

Nikagonga mkeka kwa kiwiko. Wakanyamaza. Kisha wakaanza tena kwa sauti ya chini, na hiyo ilinichoma zaidi. Sauti kubwa ni ya watu wote. Nilishika mkeka ule mpaka vidole vikafa ganzi, na nikaona mwenyewe ujinga wake: ninawawekea ukuta. Mume mtu, ninamsitiri mwenzangu nisimwone.

"Neli," nikaita.

"Abee."

"Uko salama?"

"Niko salama. Na wewe?"

Lutengano akasema kitu kwa Kikisi. Neli akacheka tena kwa mdomo wazi.

Milima ya Matema ilikuwa imekaribia nilipohisi mkeka unanisukuma mgongoni. Kwanza kidogo, kama mtoto anavyokusukuma. Upepo wa kusini. Ziwa likabadilika rangi. Mawimbi yakaja ubavuni, moja, halafu mengine juu yake. Mkeka ukavimba, mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia kwenye mpunga.

"Shemeji," Lutengano akasema, bila haraka. "Shusha mkeka."

"Usishushe!" baba akasema.

"Mzee, mkeka unatupindua."

"Pindukeni! Mimi sitauona uso wa mke wa mwanangu. Andongwisye, shika!"

Nikashika. Wengine wananicheka kwa hilo mpaka leo. Waje washike wao, na baba yao ameketi mbele.

Wimbi likaingia lote. Sasa Lutengano alipiga kelele. "Shusha! Tutakufa wote na adabu zenu!"

Sikujua mkono gani uachie. Ndipo nikasikia sauti ya Neli nyuma ya mkeka, karibu na sikio langu, ya kawaida kabisa, kama anayeniambia chakula kimeiva.

"Shusha," akasema. "Mimi simo."

Halafu nikasikia maji.

Niliuachia mkeka. Upepo ukauchukua, ukaruka juu yetu, ukaanguka mbali, ukaelea, ukazama. Baba akaanza kugeuka. Shingo na mwili pamoja. Neli alikuwa majini, kichwa chake kinaonekana. Nikamrukia baba, nikamfunika macho kwa viganja vyangu viwili. Mtoto hamshiki baba yake uso. Mimi nilimshika, nikamkandamiza kichwa kifuani kwangu. Akaning'ata kidole.

Nikageuza shingo.

Mtu aliyekuwa akiwaambia watu wote, makarani na wachuuzi na watoto wa machifu, kwamba kilichoanguka majini kimekwenda, usikifuate kwa mkono, alikuwa ameliacha kafi lake. Kafi lilikuwa linakwenda zake. Yeye amelala kifudifudi juu ya ukingo, mkono wote majini, amemshika mke wangu kifundo cha mkono. Angeweza kutupindua. Alijua. Hakujali.

Neli alijua kuogelea kuliko yeye. Hakuhitaji kushikwa. Lakini alishikwa, na hakujitoa.

Upepo ule ule ukatusukuma mpaka mchangani Matema, mtumbwi umejaa maji nusu, sisi hivyo hivyo: mimi nimemshika mzee aliyekuwa akinitukana, yeye amemshika mke wangu.

Neli alipogusa mchanga alikimbia matetani. Nikamwachia baba.

"Umenishika uso," baba akasema, "kama unafuta kamasi za mtoto!"

"Nisamehe, tata."

Akamgeukia Lutengano. "Na wewe! Mtumbwi wako hauna adabu!"

"Ndaga fijo, mzee," Lutengano akashukuru, akiinama kuchota maji. "Kwa kunikodi."

Baba akaokota fimbo yake, akaenda kwa rafiki yake kuangalia ng'ombe. Alikuwa amezaa. Baba alirudi nyumbani kwa njia ya milimani, na hakupanda mtumbwi tena.

Sisi tukaazima kafi, tukafika Ikombe tumelowa. Habari ilitangulia. Mama yake Neli alikuwa mfinyanzi, mikono myeupe kwa udongo mpaka viwikoni. Alinikaribisha kwa heshima, akanipa samaki. Kisha nikamsikia nyuma ya nyumba, na hayo aliyasema kwa Kinyakyusa ili niyasikie.

"Mwanangu anajitupa ziwani penye mamba kwa ajili ya uso wa mzee? Huko wanampeleka wapi? Abaki hapa. Ng'ombe wao tutawatafuta."

Nikasikia Neli anakanda udongo.

Tulikaa mpaka vyungu vikauka na kuchomwa. Wanawake walivipanga chini, wakavifunika matete, wakawasha. Neli alikuwa katikati yao, amejipaka majivu, anaimba. Sikuwahi kumwona hivyo. Nilikaa kwenye jiwe kama mgeni nilivyokuwa. Kila siku Lutengano alikuja na samaki. Alikuwa akiwanunua kwa wenzake, nilimwona. Alikuwa akichonga kafi jipya mbele ya nyumba yake, na njia ya kwenda kuteka maji ilipita hapo.

"Unapumzika, shemeji?" akaniuliza.

"Napumzika."

"Ndiyo maana watu wanakodi mtumbwi. Kupumzika."

"Kwa nini ulimshika?" nikamwuliza.

Kisu chake kikasimama. "Alianguka."

"Hakuanguka. Alishuka. Na wewe unawaambia watu wasifuate."

Akatazama lile kafi. "Nawaambia wanaokodi," akasema. "Mimi sikukodi."

Ningekuwa kijana wa ugomvi ningempiga. Nilikuwa mgeni kwa wakwe. Nikaondoka.

Siku ya kuondoka nilifunga kikapu changu peke yangu. Sikumwuliza Neli. Nilitaka kuona. Nikashuka ufukweni. Lutengano alikuwa ameshauweka mtumbwi majini, kafi jipya jeupe mkononi. Ziwa limelala kama maziwa kwenye chungu.

"Wewe si wa mara ya kwanza tena," akasema. "Leo sikwambii kitu. Ingia."

"Ngoja," nikasema.

Mama mkwe akashuka. Shangazi zake wakashuka. Kisha Neli, chungu kipya kichwani, nguo zake ndani ya chungu. Akaja moja kwa moja kwenye mtumbwi. Akaweka kiganja ukingoni, akaupapasa kama unavyompapasa ng'ombe. Nikatazama chini.

"Tunakwenda kwa miguu," akasema.

Lutengano akawa wa kwanza kujibu. "Hakuna upepo leo, Neli."

"Naona."

"Utafika kabla jua halijafika kichwani."

"Najua. Ndaga." Akanigeukia. "Mume wangu hajui kuogelea. Nitamzamisha bure. Twende."

Akatangulia. Mimi nikamfuata, mama yake analia nyuma. Neli hakugeuza shingo wala mwili.

Ile njia ya miguu ni ndefu. Mito yote tuliivuka kwa kushikana, yeye mbele, maji ya kifuani, chungu hakikutikisika. Mamba alituona mmoja, akatuacha. Katikati ya mto wa mwisho nikamwuliza lile nililokuwa nalo tangu siku ya mkeka.

"Mlikuwa mnazungumza nini kule nyuma?"

"Lini?"

"Nyuma ya mkeka."

"Mambo ya mtumbwini," akasema. "Keti chini, Andongwisye, usisimame juu ya ukingo." Akacheka. Kwa mdomo wazi. Na sisi tulikuwa ndani ya maji, hakuna ukingo wowote.

Basi nilirudi naye. Mwingine angetosheka. Mwanamke aliyezaliwa ziwani ameacha mtumbwi, ameacha kwao, ametembea matopeni kwa ajili yako. Niliambiwa hivyo na wote niliowasimulia. Mimi nilikaa nikafikiri. Maisha yake yote baada ya hapo Neli hakupanda mtumbwi wa Lutengano. Akienda kwao alikwenda kwa miguu. Tukimkuta Mwaya, Neli alipita upande wa juu, nyuma ya migomba. Kwetu mke anamkwepa mkwe kwa sababu anamheshimu kupita kiasi. Na huyu je, alimkwepa kwa sababu gani?

Maneno ya Lutengano hakuyakwepa. Hayo aliyaleta nyumbani. Nikitaka kuamka kwa hasira, "Keti kwanza." Nikimtazama mtu kwa ukali sokoni, "Geuza shingo, mwili uache." Mtoto wetu Anyisile alipovunja kile chungu cha Ikombe, mimi nikainama kuokota vipande, Neli akasema, "Kimekwenda. Usikifuate." Nyumba yangu, mtoto wangu, vipande vyangu, na maneno ya mtu mwingine.

Yake Lutengano yaliyobaki ni machache. Vita ilipokuja, mitumbwi ya ufukweni ilichukuliwa. Wake haukurudi. Alibebeshwa mizigo ya vita mpaka Wajerumani wakaondoka. Alirudi mwembamba, akapanda mlimani, akachonga mwingine, mkubwa kuliko ule. Akaoa mwanamke wa Matema aitwaye Marita, wakapata watoto, akamzika. Aliendelea kubeba watu mpaka macho yakapungua. Hakuzamisha mtu. Nimeshasema.

Neli amefariki mwaka huu, mpunga ukiwa unachanua. Aliumwa kifua, muda si mrefu. Tulimzika nyumbani Ndandalo.

Lutengano alikuja. Alikuja kwa miguu kutoka Ikombe na fimbo, anaongozwa na mjukuu. Watu wakampisha, wakamketisha karibu nami. Hapo ndipo mahali pa mwenye msiba.

"Pole, shemeji," akasema.

"Tumeshapoa."

Tukakaa. Wanawake wanalia ndani. Nikaona huyu akirudi kwao sitamwona tena, na hakuna mwingine wa kumwuliza.

"Siku ya mkeka," nikasema. "Kule nyuma. Mlikuwa mnazungumza nini?"

Akafikiri. Aliinamisha kichwa, shingo ile sasa ni mishipa mitupu. Alifikiri kwelikweli, sikuona anaficha.

"Mkeka naukumbuka," akasema. "Ulikuwa na mistari myeusi. Baba yako namkumbuka, alivyonitukana. Neli namkumbuka alipoingia majini. Maneno siyakumbuki, ndugu yangu. Yamekwenda."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Mzee mzima, anamlilia mke wangu mbele ya watu, na hakubakiza hata neno moja alilomwambia.

Ningekuwa mimi nimekaa nyuma siku ile, ningeyakumbuka yote.